Mlanguzi Mkubwa wa Tiketi za Ngumi Hayupo Getini

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshaamka, simu chaji imejaa, kadi ya benki ipo mezani nisije nikaanza kuisaka dakika za mwisho, laptopu upande huu simu upande ule, na rafiki yangu mmoja yupo hewani naye kafungua ya kwake huko aliko. Mpango wetu ulikuwa mwepesi tu, atakayewahi ananunua za wote wawili tutamalizana baadae. Mauzo ya tiketi za pambano yanafunguliwa saa tatu kamili. Saa tatu kamili ikafika, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, alafu ukaniletea kijimtu kinachotembea kwenye mstari na namba chini yake, mimi ni wa 41,000 na ushee. Mwenzangu wa 60,000 na kitu. Sasa unajiuliza, nimebonyeza sekunde ileile, hawa watu 41,000 walilala mlangoni au?

Nikasubiri. Dakika arobaini baadae nikaingia nikaona siti mbili pamoja, juu kabisa huko unakaribia kugusa paa, nikasema haina shida skrini kubwa zipo, nikazichagua, ikaanza kuhesabu dakika nane za kulipa, naandika namba za kadi mikono inatetemeka utadhani mi ndo napanda ulingoni. Nikabonyeza kulipa. Samahani, tiketi hizi zimechukuliwa na mteja mwingine. Nikarudi nyuma, zimeisha zote. Nusu saa haijapita, siti za bloku ileile, safu mbili nyuma ya zile nilizokuwa nazo mkononi, zipo kwenye mtandao wa kuuza tiketi upya kwa bei mara tatu, na ukishuka chini kabisa ya ukurasa kwenye yale maandishi madogo kama sisimizi unakuta huo mtandao na ule ulioninyima tiketi ni watoto wa baba mmoja.

Siku ile niliwatukana walanguzi wote duniani. Niliwatukana wale wa mtandaoni, nikawatukana na wale wanaosimama nje ya ukumbi na makoti yao wakinong'ona. Ila hasira ilivyoshuka nikaanza kufuatilia haya mambo kidogo kidogo, na kadri nilivyofuatilia ndo nikaona kumbe nilikuwa namtukana mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo. Swali ambalo mashabiki wa ngumi hatuulizi, na sijui kwa nini hatuulizi, ni hili: tiketi ngapi ziliuzwa kwetu kweli?

Chukua pambano la mabondia Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, 2 Mei 2015, MGM Grand, Las Vegas. Pambano tumelisubiri zaidi ya miaka mitano, watu wameanza kulizungumzia 2009, mara vipimo vya damu, mara mgawanyo wa hela, mpaka wote wawili wameshaanza kuzeeka ndo linatangazwa. Februari limetangazwa, tiketi hakuna. Machi hakuna. Aprili inakaribia kuisha hakuna, kwa sababu wakubwa wanavutana, kambi ya Mayweather upande mmoja, Bob Arum, promota wa Pacquiao, na kampuni yake ya Top Rank upande wa pili, na MGM wenye hoteli na ukumbi katikati, na kikubwa walichokuwa wanavutania ni mgao, yaani nani ashike tiketi ngapi. Wamekuja kuelewana 22 Aprili, kesho yake zikaingia sokoni, siku tisa tu kabla ya pambano. Na zilizowekwa kwa ajili ya mimi na wewe zilikuwa kama 500 hivi, hata wanaohesabu kwa ukarimu hawavuki 1,000, kwenye ukumbi ulioingiza watu zaidi ya 16,000. Bei ya chini $1,500. Ziliisha ndani ya dakika moja.

Sasa hesabu mwenyewe. Kama zilizouzwa kwa umma hazikufika 1,000, zile tiketi zote zilizojaa kwenye mitandao ya kuuza upya wiki ile zilitoka wapi? Zile 500 haziwezi kuzaa. Zilizobaki zilikuwa mikononi mwa hoteli, mapromota, yaani waandaaji wa mapambano, na kambi za mabondia. Sisemi kila aliyepewa mgao aliuza, wengine wanawapa wateja wao wakubwa wa kasino, wengine wanakaa wenyewe na familia zao. Ila tiketi haina miguu, ikionekana sokoni ujue kuna mkono umeitoa kabatini.

Hata kupima uzito jamani. Siku moja kabla, watu wanaenda kuona wanaume wawili wamevaa chupi wanapanda kwenye mizani, jambo ambalo siku zote ni bure, safari hii wakaweka tiketi ya $10 kwamba hela inaenda kwenye hisani. Sawa, hisani nzuri. Zikalanguliwa nazo! Tiketi ya dola kumi ya kuangalia mizani ikawa inauzwa kwa bei ambayo kwa mapambano mengine unakaa siti nzuri tu.

Kuna namba nyingine ambayo mi ndo ilinifungua macho kabisa. Septemba 2013, ukumbi uleule wa MGM Grand, Mayweather anapigana na Canelo, bondia wa Mexico. Tiketi zilizouzwa 16,146, mapato ya getini $20,003,150, na hiyo ilikuwa rekodi kwa wakati ule. Ukigawanya ni kama $1,240 kwa kichwa. Mei 2015 na Pacquiao tiketi 16,219, yaani wameongezeka watu 73 tu, mapato $72,198,500. Kama $4,450 kwa kichwa. Paa lilelile, viti vilevile, vyoo vilevile na foleni ya vyoo ileile. Kilichotokea ni kwamba mapromota waliangalia kule nje wakaona mlanguzi anapata mara tatu mara nne ya bei, wakasema kwa nini hii hela tumwachie yeye. Wakaipandisha wenyewe, wakaiita bei rasmi. Kwa hiyo mtu akilangua nje ya ukumbi ni mhuni, akilangua ofisini amevunja rekodi na anapigiwa makofi kwenye mkutano wa waandishi.

Najua kuna watakaoniambia ndo soko hilo, watu wengi viti vichache bei inapanda, kwani ulitaka nini. Sibishi. Nilichokuwa nakitaka ni mtu aniambie ukweli kabla sijaamka saa kumi na mbili. Niambie hapa kuna tiketi 500, nirudi kulala.

Na sio mambo ya juzi haya. 8 Machi 1971, pambano la kwanza la Muhammad Ali na Joe Frazier, Madison Square Garden, New York, viti vya kandokando ya ulingo vilikuwa $150, na kwa wakati ule hiyo ni hela ya kushtua, na bado hazikupatikana, nje watu wanatoa mara kadhaa ya hapo. Frank Sinatra, yule mwimbaji maarufu, usiku ule alikaa kandokando ya ulingo na kamera akipiga picha kwa ajili ya jarida la Life, na hadithi inayopendwa kusimuliwa ni kwamba hata yeye tiketi ilimshinda ndo akatafuta ujanja wa kuingia kama mpiga picha. Iwe kweli iwe chumvi, hadithi yenyewe inakuambia hali ilivyokuwa. Sinatra! Sasa mi na kijimtu changu kinachotembea nilikuwa nategemea nini.

Kinachonishangaza kwenye ngumi ni kwamba mchezo huu una ncha mbili ambazo hazifanani kabisa. Ncha ya chini kule, bondia anayeanza kwenye kumbi ndogo, Uingereza hii kitu ipo sana, anapewa tiketi azungushe mwenyewe. Anapigia binamu, anapigia waliosoma nae, anapita jimu, anatuma meseji usiku, kwa sababu malipo yake yanategemea ameuza ngapi, na zinatakiwa zitoe mpaka gharama za mpinzani wake. Huyo anauza kwa bei iliyoandikwa, hana hata wazo la kuongeza, anaomba tu ununue. Alafu panda ngazi mpaka juu kabisa, bondia yuleyule miaka kumi baadae ana mgao wake wa tiketi kwenye mkataba, kambi yake ina mgao, promota ana mgao, wadhamini, televisheni, hoteli, na kuna zile za bure za wageni wa heshima. Katikati ya hapo shabiki aliyenunua tiketi kwa binamu yake akiwa na miaka kumi na nane ndo huyo saivi yupo namba 41,000.

Roboti nazo zipo, nisije nikaonekana nazitetea. Ni programu inayojaza fomu na kulipa kabla kidole chako hakijafika kwenye kioo, ina akaunti mamia, majina mamia, kadi mamia, kila moja inajifanya ni mtu tofauti wa mtaa tofauti. Marekani walitunga sheria ya kuzikataza 2016, kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zikaja kufunguliwa 2021, kampuni tatu. Zaidi ya miaka minne kupata kesi tatu, hesabu na mapambano yaliyopita hapo katikati. Uingereza nao walipiga marufuku roboti 2018, na 2020 kuna walanguzi wawili walifungwa jela kwa kununua tiketi kwa majina ya uongo na kuziuza, hiyo ilikuwa habari kubwa. Lakini kitu cha kuchekesha cha Uingereza ni kwamba kuuza tiketi ya mpira wa miguu bila ruhusa ni kosa la jinai tangu 1994, wakati ya ngumi unauza mchana kweupe polisi anakuangalia. Sababu ni kwamba sheria ya mpira ilikuwa ya kuzuia mashabiki wa timu pinzani wasichanganyike wakapigana. Kwenye ngumi nadhani waliona wanaopigana wameshalipwa. Novemba 2025 serikali yao ikatangaza kwamba itapiga marufuku kuuza tiketi zaidi ya bei ya awali, kwa michezo na muziki wote, tutaona.

Ila hata hiyo sheria ikija inamgusa anayeuza mara ya pili. Anayeuza mara ya kwanza kwa $4,450 hana shida na mtu.

Kuna mchezo mwingine ambao wengi hawaujui, wa kuuza tiketi ambayo huna. Pambano limetangazwa leo, tiketi bado hata hazijachapwa, wewe unaingia kwenye mtandao wa kuuza upya unakuta zipo tayari, bloku imeandikwa, bei imeandikwa. Huyo muuzaji hana kitu. Anabeti kwamba akishapokea hela yako ataitafuta tiketi baadae kwa bei ya chini kuliko uliyompa, chenji ni faida yake. Bei ikishuka anatajirika, bei ikipanda anakutumia ujumbe siku mbili kabla kwamba kumetokea tatizo la kiufundi, hela yako itarudishwa. Hela sawa itarudi, na tiketi ya ndege je, na hoteli je.

Kwenye ngumi hii ni hatari kuliko kwenye kitu kingine chochote kwa sababu pambano lenyewe ni kitu chepesi kama yai. Timu ya mpira mchezaji akiumia anaingia mwingine. Ngumi ni watu wawili. Conor Benn na Chris Eubank Jr, Oktoba 2022 kule O2 London, lilifutwa siku mbili kabla kwa sababu ya majibu ya vipimo vya dawa, watu wameshafungasha mabegi. Agosti 2023 ukumbi uleule, Joshua alikuwa apigane na Dillian Whyte, wiki moja kabla vipimo vya Whyte vikaleta shida, akaletwa Robert Helenius. Fury na Usyk ilikuwa Februari 2024, Fury akachanika jicho mazoezini ikasogezwa mpaka Mei. Sasa wewe uliyenunua kwa mlanguzi mara nne, pambano likifutwa, promota anarudisha bei ya kwenye tiketi, na anamrudishia aliyenunua kwake, ambaye sio wewe. Ukipata mtandao unaorejesha hela zote umshukuru Mungu. Ukiwa ulinunua kwa jamaa mwenye koti, huyo koti ameshabadilisha.

Na pambano likifanyika likawa bovu ni lako hilo. Baada ya lile la 2015 ikajulikana kwamba Pacquiao alipanda na bega bovu, mashabiki wakafungua kesi kibao, wenye tiketi na waliolipia kutazama kwenye televisheni. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikamaliza maneno, kwamba mliahidiwa pambano kati ya hawa wawili, pambano la raundi kamili mkalipata, kwamba halikuwa tamu hiyo sio kesi. Kisheria naelewa. Ila ungekuwa umetoa bei ya gari kukaa safu ya ishirini ungetamani mahakama iwe na huruma kidogo.

Kuna mara moja tu niliyocheka, nayo ni Agosti 2017, Mayweather na Conor McGregor, mpiganaji wa UFC sio wa ngumi, ukumbi wa T-Mobile Arena, Las Vegas. Safari hii wakubwa walijua soko, wakaanzia $500 mpaka $10,000, na hizo za $500 kuziona ilikuwa kama kuona mwezi mchana. Tiketi zilizouzwa 13,094, kwenye ukumbi wa watu kama 20,000. Viti vikabaki vitupu na kamera zikawa zinakwepa kona fulani. Getini waliingiza zaidi ya $55 milioni kwa hiyo usiwaonee huruma, waliolia ni madalali waliojaza tiketi kabatini wakitegemea mambo ya 2015 yajirudie. Walikuta promota ameshakula nyama yote, wao wameachiwa kulamba sahani.

Ngoja na mimi niungame kabla hamjanitafuta. Niliwahi kuuza tiketi moja kwa faida. Nilikuwa nimepata safari ya ghafla, tiketi ya pambano inalala, nikaiweka mtandaoni kwa bei yangu ya awali. Nikaangalia za jirani yake nikakuta zipo mara mbili. Nikakaa nayo dakika kumi hivi nikiwa na mawazo mazuri sana kuhusu mashabiki wenzangu, alafu nikabadilisha bei. Iliondoka ndani ya saa moja. Sikuongeza mpaka mara mbili, niliongeza nusu, na mpaka leo najitetea kwamba ile nusu ilifidia makato ya mtandao. Makato yenyewe hayakufika hata robo.

Sasa nimalizie na yule jamaa wa koti, kwa sababu nilimuahidi moyoni kwamba nitamwandika. Hii ni zamani kidogo, tiketi bado za karatasi. Nimefika nje ya ukumbi sina kitu, nimekuja kubahatisha tu. Akanipita begani, haniangalii, anaangalia mbele kama anasubiri basi. "Kaka, unauza au unatafuta?" Nikamwambia natafuta. Akanitajia mara tatu. Nikacheka nikasogea pembeni, nikakaa kwenye kingo za ngazi nikawa namwangalia anavyofanya kazi. Ni kazi kweli, ananunua kwa waliobakiwa na moja kwa sababu mwenzao kaumwa, anauza kwa waliochelewa, mkono wa kushoto una noti, wa kulia una tiketi, na sikio liko ndani. Sikio ndo saa yake. Mapambano ya utangulizi yanaendelea, kelele ndogondogo, akarudi kwangu akasema mara mbili. Nikatikisa kichwa. Kuna wawili wakaja wamekasirika, wamezuiwa mlangoni mashine imewaka nyekundu kwamba tiketi imeshatumika, wanamtafuta aliyewauzia, akawaambia kwa upole kabisa sio mimi, yule alikuwa na kofia, na kweli alikuwa na kofia, nilimuona akiondoka.

Alafu kelele ya ndani ikabadilika. Ile kelele moja nzito, taa zimezimwa, bondia wa kwanza anatoka. Jamaa akaja moja kwa moja, tiketi mbili zimebaki mkononi, dakika tano zijazo hizi ni karatasi za kufungia maandazi na anajua najua. Akashusha pumzi.

"Haya kaka, kwa ajili yako, chukua kwa bei yake ya kawaida, siongezi hata kumi."

Akanitajia. Nikaona ni haki, nikampa, tukapeana mikono kabisa, nikakimbia. Niliipata siti nzuri ajabu, safu ya nane kutoka ulingoni, pembeni yangu kuna watu wana beji shingoni wanaongea na simu wala hawaangalii. Pambano likaisha raundi ya nne. Ni wakati wa kutoka, nimebanwa kwenye ngazi na umati hausogei, ndo nikaitoa ile tiketi mfukoni nikaisoma vizuri. Bloku, safu, siti. Chini yake jina la kampuni moja iliyokuwa na bango lake kwenye kona ya ulingo. Na pale penye bei pameandikwa 0.00.